Paka Amehepa Wiki Mbili, Amerudi Amenona: Alikuwa Kwa Nani?

Kila ploti Nairobi iko na hii stori. Paka anapotea, mwenyewe anasaka mpaka kwa mtaro, picha inatupwa kwa grupu ya WhatsApp ya wapangaji, watoto wa jirani wanaahidiwa soo moja wakimpata. Wiki ya pili watu wameshakubali alikanyagwa na mathree. Halafu Jumapili asubuhi jamaa anaingia na mlango, anapanda kiti yake, anaanza kujilamba. Hana njaa. Tumbo hata imeongezeka.

Mwandishi mmoja wa San Francisco, Marekani, Caroline Paul, alinyimwa usingizi na hii maneno. Paka wake Tibby alipotea wiki 5, akarudi akiwa fiti, amenona. Caroline alikuwa kejani anauguza mguu baada ya ndege ndogo aliyokuwa anaendesha kuanguka, so muda ilikuwa mob. Akamfunga paka GPS shingoni, akamwekea na kamera. Mwaka wa 2013 akaitoa kama kitabu, Lost Cat. Furaha ya kumwona paka ilikuja na wivu, manze. Kuna mtu mwingine alikuwa anampenda.

Sasa, wanasayansi nao walikuwa wameshaanza kuwafuata hawa wasee. Mwaka huo huo wa 2013, BBC ilivalisha paka 50 GPS kwa kijiji cha Shamley Green, Uingereza. Wengi hawakuenda mbali vile wenyewe walidhani, na kamera zikawanasa wakiingia kwa nyumba za watu kuiba chakula ya paka wengine. Utafiti mwingine wa 2020 ulifuata paka zaidi ya 900, hasa Marekani, Uingereza, Australia na New Zealand. Wengi walikuwa wanazungukia mita 100 hivi kutoka nyumbani. Hiyo ni kutoka kwako mpaka kwa buchari ya kona.

Na wale waliopotea kabisa? Kuna utafiti wa 2018 uliocheki stori za paka zaidi ya 1,200. Robo tatu ya waliopatikana walikuwa ndani ya mita 500 kutoka pale walipotelea. Kwa hivyo wewe ukiwa umefika stage ya mbali unauliza makanga kama ameona paka wa rangi ya chungwa, yeye ako juu ya mabati ya ploti ya pili, anakuangalia. Paka mwenye uoga hajibu hata ukiita jina. Anajificha, ananyamaza. Msake usiku na tochi, chini ya magari, kwa ngazi, nyuma ya matangi ya maji. Macho itang'aa.

Akirudi, mwili wake ndio utakupa stori. Amekonda, amejaa utando wa buibui? Huyo alifungiwa kwa stoo, mtu akaenda ocha na funguo. Ananuka samaki na amenona? Ako na base ya pili. Kwetu tulikuwa na mmoja tukimwita Simba, kumbe kwa mama wa kibanda anaitwa Chali, na kila jioni anawekewa vichwa vya samaki. Huyo mathe alikuwa anajua mpaka upande gani wa shingo anapenda kukunwa.

Dume amerudi na masikio imeraruka, jua alikuwa anapigania madem. Mtu akikuambia dume ambaye hajahasiwa atatulia kwa nyumba, anakucheza. Kwa jike, tumbo kubwa si lazima iwe shibe: mimba ya paka huchukua siku 63 hivi. KSPCA pale Karen wanafanya hiyo kazi ya kuhasi.

Lakini usichukulie vidonda kama mchezo. Kichaa cha mbwa hushika paka pia. Akirudi na alama za meno, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Na akikuuma ama kukukwaruza, osha hapo na sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha uende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama kidonda ni kadogo.

Ukihama pia, chunga. Wasee wengi wanahama mwisho wa mwezi, paka kwa katoni, na baada ya siku 3 amehepa. Cheki kwa ploti ya zamani kwanza. Huko 1922, Francis Herrick wa Marekani aliandika vile alimbeba paka mwenye watoto na kumwacha kilomita kadhaa mbali, na akarudi kwa watoto wake, si mara moja. Kwa keja mpya, mfungie ndani wiki 2 ama 3 mpaka azoee harufu ya hapo.

GPS nayo ni doh, na hapa mtaani utarudishiwa paka bila hiyo mashine. Kuna njia ya bei ya karatasi. Mfunge ukosi usiobana, uchomeke kakaratasi: "Huyu paka anakula kwako? Nitumie meseji," na namba yako. Mwachilie aende. Jipange tu kwa jibu, juu inaweza kuja hivi: "Kwani ni wako? Tuko naye tangu Januari, na hapendi maziwa."