Umeme wa Gari la Zamani Unapokatika na Kurudi

Katika vijiji vingi gari ni moja tu. Gari hilo hubeba mazao, mbolea na wagonjwa. Likizimika usiku porini, mgonjwa hawezi kungoja. Kwa hiyo inafaa tujue ugonjwa mmoja unaosumbua magari ya zamani. Ugonjwa huo ni umeme kukatika na kurudi wenyewe.

Tutatumia mfano wa Land Rover. Gari la kwanza la jina hili lilionyeshwa mjini Amsterdam, Uholanzi, mwaka 1948. Aina iitwayo Series III ilitengenezwa Uingereza kuanzia mwaka 1971 hadi mwaka 1985. Hata lile la mwisho lina umri wa mtu mzima. Nyaya zake zimechakaa na maungio yake yameshika kutu.

DALILI ZA UGONJWA

Gari linaingia shimoni, taa zinazimika. Linatoka shimoni, taa zinawaka. Asubuhi unageuza ufunguo, kimya. Unageuza tena, gari linawaka.

Tufikiri kidogo. Balbu iliyoungua haiwaki tena. Fyuzi iliyokatika haijiungi yenyewe. Basi umeme ukirudi wenyewe, mara nyingi kifaa hakijafa. Kuna mahali palipolegea, au palipoingia kutu, au waya uliokatika nusu. Kazi yetu ni kupatafuta mahali hapo kabla ya kutoa fedha kununua kifaa kipya.

NJIA YA UMEME

Umeme wa gari huzunguka kama mnyororo wa baiskeli. Pingili moja ikikatika, gurudumu halizunguki, hata kama pingili nyingine zote ni nzima.

Umeme hutoka kwenye betri. Hupita katika nyaya, swichi na fyuzi, mpaka kwenye taa. Halafu lazima urudi kwenye betri. Safari ya kurudi hupita katika chuma cha gari lenyewe. Kwa sababu hiyo kuna waya mnene unaounganisha betri na chuma cha gari. Mafundi huuita waya wa athi.

Watu wengi hukagua njia ya kwenda, wakasahau njia ya kurudi. Katika Land Rover kosa hili ni kubwa zaidi. Sehemu kubwa ya bodi yake ni ya alumini, lakini chasisi ni ya chuma. Alumini na chuma vikigusana penye unyevu, alumini huliwa na kutoa unga mweupe. Unga huo huzuia umeme kupita.

KWANZA USALAMA

Betri inapojazwa umeme hutoa hewa inayoweza kulipuka. Maji yake ni tindikali inayounguza ngozi na macho. Kwa hiyo:

1. Usivute sigara wala kuleta kibatari karibu na betri.
2. Vua saa na pete.
3. Zima injini. Ukifungua waya wa betri injini ikizunguka, unaweza kuunguza altaneta, yaani mtambo unaojaza betri.
4. Fungua kwanza waya wa athi, na uufunge wa mwisho. Ukianza na waya ule mwingine, spana ikagusa bodi, cheche kubwa zitaruka.
5. Tindikali ikikurukia, osha kwa maji mengi mara moja. Ikiingia machoni, endelea kuosha, kisha nenda zahanati.

HATUA ZA KUTAFUTA

Hatua ya 1. Tazama ni vitu gani vimezimika.
(a) Vyote kwa pamoja: kagua betri na nyaya zake mbili nene.
(b) Taa za mbele zinawaka, lakini injini ya petroli imezimika: kagua swichi ya ufunguo na waya unaokwenda kwenye koili. Injini ya dizeli ya gari hili ikishawaka haihitaji umeme ili iendelee kuzunguka.
(c) Vitu viwili au vitatu: huenda vinatumia fyuzi moja.
(d) Taa moja tu: kagua balbu, kikalio chake na waya wake wa athi.

Hatua ya 2. Washa taa za mbele, kisha mwenzako ajaribu kuwasha injini. Taa zikififia polepole, huenda betri imeishiwa umeme. Zikizimika mara moja kabisa, huenda kuna ungio bovu. Stata huvuta umeme mwingi kuliko taa. Ungio bovu laweza kupitisha umeme wa taa, likashindwa kupitisha umeme wa stata.

Hatua ya 3. Fungua nyaya za betri. Ukiona ukoga mweupe au wa kijani, changanya magadi soda na maji, umwagie hapo. Usiache yaingie ndani ya betri. Suuza, kausha, kisha sugua kwa msasa mpaka chuma king'ae. Kaza vizuri na upake grisi kwa nje.

Hatua ya 4. Fuata waya wa athi mpaka mwisho wake. Fungua boliti, sugua, kaza. Tafuta pia waya unaounganisha injini na chasisi, maana injini imekalia mipira, na mpira haupitishi umeme.

Hatua ya 5. Toa fyuzi moja moja. Safisha miguu yake na vikalio vyake. Usiweke msumari wala karatasi ya sigara mahali pa fyuzi. Fyuzi hukatika ili waya usiungue. Ukiizuia isikatike, gari lote laweza kuungua.

Hatua ya 6. Washa taa. Tikisa nyaya polepole, kipande kwa kipande. Angalia hasa pale zinapopita katika matundu ya bodi. Taa zikipepesa, umekaribia.

FAIDA YAKE

Tuchukue mfano. Dereva ananunua betri mpya, na fundi anapoiweka anakaza nyaya. Gari linapona, naye anasema betri ya zamani ilikuwa mbovu. Baada ya miezi miwili nyaya zinalegea tena, na ugonjwa unarudi. Dereva amenunua betri, lakini kilichoponya gari kwa muda ni spana. Fedha hizo zingeweza kununua dawa au mbegu.

Basi nyaya za betri na athi zikaguliwe kila mwezi, na pia kabla ya mvua kuanza. Kazi hii haichukui saa moja. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

MASWALI

1. Kwa nini umeme unaorudi wenyewe si dalili ya balbu kuungua?
2. Umeme hurudi kwenye betri kwa njia gani?
3. Waya gani hufunguliwa kwanza? Eleza sababu.
4. Jadilianeni: Katika kijiji chenu nani anakagua gari linalobeba wagonjwa, na hulikagua lini?