Mafunzo ya Matabibu kwa Kazi ya Milimani

Mwenye kujua kuponya wadini hajawa bado mwenye kujua kuponya mlimani. Wadini mgonjwa huletwa kwa tabibu, na taa, dawa na wauguzi wa karibu. Mlimani tabibu humfuata mgonjwa, naye mwenyewe aweza kuwa ameshikwa na maradhi yale yale. Kwa sababu hiyo, mwaka 1997 jumuiya tatu za kimataifa, yaani ya vyama vya wapanda milima, ya waokoaji wa milimani, na ya wataalamu wa utabibu wa milimani, zilipatana juu ya masharti ya stashahada moja ya utabibu huo. Mwanafunzi wake hafundishwi maradhi tu. Hana budi pia kujua kufunga kamba, kutembea barafuni, na kumteremsha majeruhi gengeni, kwani tabibu asiyeweza kujihifadhi huwa majeruhi wa pili.

Somo la kwanza ni la hewa, na humo lugha yaweza kupotosha. Aghalabu husemwa kwamba juu ya Kibo, penye mita 5,895, hewa ina oksijeni haba. Kwa hakika fungu la oksijeni katika hewa ni lile lile la pwani, yaani kiasi cha 21 katika 100. Kilichopungua ni mgandamizo wa hewa yote, ambao kileleni hubaki karibu nusu ya ule wa pwani. Tofauti hii si ya maneno matupu. Mgonjwa aweza kutiwa ndani ya mfuko mkubwa usiovuja, nao ukajazwa hewa ya papo hapo kwa pampu, akapata nafuu kana kwamba ameteremshwa mamia ya mita. Aliyefundishwa kwamba hewa ya mlimani ina upungufu wa fungu lake hawezi kufahamu jinsi hewa hiyo hiyo inavyomfaa mgonjwa.

Somo la pili ni la kutambua dalili. Ugonjwa wa mwinuko hupimwa kwa kipimo kilichotungwa mwaka 1991 na kusahihishwa mwaka 2018. Mgonjwa huulizwa juu ya kuumwa kichwa, kichefuchefu, uchovu na kizunguzungu, na kila jambo hupewa alama kuanzia 0 hadi 3. Jumla ikifika 3 au zaidi, na kichwa kikiwa kimo katika hesabu, huhesabiwa kuwa ameugua. Lakini kizunguzungu ni jambo alisikialo mgonjwa nafsini mwake, hali kupepesuka ni jambo waonalo wenzake. Kupepesuka ndiko kunakoashiria kwamba ubongo umeanza kuvimba, na huko kwaweza kuua. Basi tabibu haridhiki na jibu la mdomo. Humwamuru mtu atembee katika mstari, kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mguu wa pili. Vivyo hivyo, kuhema wakati wa kupanda ni hali ya kila mtu. Kuhema mtu akiwa ameketi ni dalili ya maji mapafuni.

Somo la tatu ni la kinga. Kanuni ni kwamba, mtu apitapo mita 3,000, mahali pa kulala pasiinuliwe zaidi ya mita 500 kwa siku, na kila baada ya siku tatu au nne pawe na siku ya mapumziko. Katika njia ya Marangu, Horombo ipo kwenye kiasi cha mita 3,720 na kibanda cha Kibo kiasi cha 4,720. Hivyo hatua moja yazidi kipimo hicho mara mbili. Siku ya ziada Horombo husaidia mwili kuzoea, walakini haifupishi hatua hiyo. Hata wasia wa viongozi wa Kilimanjaro, “pole pole”, ulio wa busara, hautoshi peke yake: aendaye taratibu aweza bado kulala juu mno.

Wa kwanza kumwona mgonjwa, mara nyingi, si tabibu bali ni kiongozi au mpagazi, na lugha yao ya kazi ni Kiswahili. Nao pia huugua, kwani kuzaliwa chini ya mlima si kinga, na mwenye kuhofia ujira wake aweza kuficha maumivu yake. Kwa hiyo tabibu wa Kilimanjaro ahitaji maswali yaliyopangwa kwa Kiswahili kinachotenganisha uchovu na ugonjwa, kizunguzungu na kupepesuka. Hapo wataalamu wa lugha wana kazi yao.

Zipo dawa, kama asetazolamidi, deksamethasoni na nifedipini, kila moja kwa mahali pake. Hata hivyo, ubongo ukivimba au mapafu yakijaa maji, dawa haishiki nafasi ya kushuka. Neno hilo halihitaji kutungwa upya; lahitaji tu kutamkwa mapema, hata ikiwa ni usiku na kilele ki karibu, na aliyefundishwa kulisema bila kusita.