Kidole kinachopita mbele ya macho na kiwewe cha miaka mingi

Kwa anayeiona mara ya kwanza, inafanana na kiinimacho. Mtu mzima, pengine mwalimu, pengine askari mstaafu, ameketi kitini. Mtaalamu ameketi karibu naye, ubavuni kidogo, amenyoosha vidole viwili na anavipeleka kushoto na kulia kwa kasi. Macho ya mteja yanavifuata, kichwa hakitikisiki. Baada ya nusu dakika hivi vidole vinasimama, mteja anavuta pumzi, na mtaalamu anamuuliza: sasa kumekujia nini? Jibu huwa fupi, wakati mwingine neno moja tu. Kisha vidole vinaanza tena.

Duniani tiba hii inajulikana kwa herufi zake nne, EMDR. Mwanzilishi wake, Mmarekani Francine Shapiro, alisimulia kwamba mwaka 1987, akitembea bustanini, aligundua kuwa mawazo yaliyokuwa yakimkera yalipungua makali macho yake yalipokwenda huku na huko. Newton alipewa tufaha, Shapiro akapewa bustani. Mwaka 1989 alichapisha utafiti wake wa kwanza, wenye watu 22 tu, na wanasaikolojia wengi waliupokea kwa mashaka. Lakini mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani liliipendekeza EMDR, sambamba na tiba ya fikra na tabia inayolenga kiwewe, kwa watu wazima na watoto wanaougua msongo unaotokana na kiwewe. Hapo mjadala ukahama. Wengi hawaulizi tena kama inasaidia. Wanauliza inamsaidia nani, na kwa nini.

Aliyenusurika ajali ya basi anaweza kukutajia siku, saa na mahali. Jeraha lake lina mwanzo na mwisho. Mtoto aliyepigwa na baba wa kambo tangu akiwa na miaka mitano hadi alipotoroka nyumbani hana siku ya kukutajia. Vivyo hivyo mwanamke aliyeshikwa mateka na waasi, au aliyeishi muongo mzima na mume anayemdhibiti kwa ngumi. Daktari wa akili Judith Herman wa Marekani alipendekeza mwaka 1992 kwamba watu wa kundi hili watazamwe kwa jicho la pekee. Mabingwa walibishana kwa miaka zaidi ya 25. Toleo la 11 la orodha ya kimataifa ya magonjwa, lililopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika 2022, ndilo lililoipa hali hii nafasi yake rasmi. Tuiite kiwewe changamani.

Mwenye kiwewe changamani ana dalili zote za kiwewe cha kawaida: tukio humrudia kana kwamba linatokea sasa hivi, hukwepa kila kinachomkumbusha, na mwili wake hukaa chonjo mchana na usiku. Juu ya hizo kuna nyingine tatu. Hisia zake hupanda na kushuka bila breki, au huzimika kabisa. Anajiona mchafu, duni, asiyestahili. Na ukaribu na watu humwia vigumu, hata na wanaompenda. Ndugu humwita mkorofi, mwenye kinyongo, au mwenye pepo. Yeye mwenyewe mara nyingi hajui kwamba anaumwa, kwa sababu hakumbuki wakati alipokuwa vinginevyo.

Huyu akienda kwa mtaalamu wa EMDR, vidole havitaanza siku ya kwanza. Kwanza ni historia, kwa vichwa vya habari tu. Halafu ni maandalizi, ambayo kwa mtu wa ajali moja huweza kumalizika katika kikao kimoja na kwa huyu yakachukua vingi: kujifunza kuutuliza mwili, kutambua dalili kwamba akili inahama na kumwacha ameketi pale yupo hayupo, na kujirudisha. Kisha inachaguliwa kumbukumbu moja. Mteja anataja picha iliyo mbaya kuliko zote, wazo baya kuhusu nafsi yake linaloambatana nayo, wazo ambalo angependa kuliamini badala yake, na mahali mwilini panapokaza. Anayapima maumivu yake kwa namba, kuanzia 0 hadi 10. Ndipo vidole vinapoanza, na kazi huendelea hadi namba hiyo iporomoke, ikiwezekana ifike sifuri. Wazo jema hujaribiwa baadaye, na mwili hukaguliwa tena kama bado kuna pahali panapogoma.

Katika yote haya, mteja halazimiki kulisimulia tukio kinaganaga. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wenyewe unaitaja tofauti hiyo kati ya EMDR na tiba ya fikra na tabia: hakuna kueleza tukio kwa kina, na hakuna kazi ya kufanya nyumbani. Kwa maoni yangu hapa ndipo tiba hii ingetufaa sana sisi tuliolelewa kwamba mambo ya ndani hayatoki nje. Msichana aliyenajisiwa na mjomba wake hufunga mdomo mbele ya mshauri nasaha anayesali msikiti mmoja na shangazi yake. Katika EMDR anaweza kusema “ni lile la chumbani” na kazi ikaendelea. Picha anaiona yeye.

Macho yana kazi gani basi? Watafiti wameumana kweli. Wapo walioifananisha EMDR na usumaku wa Mesmer, yule tabibu wa karne ya 18 aliyedai kuwaponya watu kwa nguvu isiyoonekana. Mwaka 2001 uchambuzi wa tafiti nyingi kwa pamoja ulionyesha kwamba ukiuondoa mwendo wa macho, matokeo hayabadiliki kwa kiasi cha kuhesabika. Mwaka 2013 uchambuzi mwingine ukaja na jibu kinyume: macho yanaongeza kitu.

Maelezo yenye ushahidi mwingi zaidi, ambayo wanasaikolojia wa Uholanzi wameyapima kwa miaka, yanahusu sehemu ya akili inayoshikilia mambo ya sasa hivi, ambayo ni finyu. Ukimsimulia kondakta wa daladala msiba huku akihesabu chenji, atakusikia, lakini machozi hayatamtoka. Kumbukumbu mbaya ikivutwa mbele wakati macho yanafukuza kidole, picha hukosa nafasi ya kujaa. Rangi zake hufifia, na inaporudishwa ghalani inarudi ikiwa imepoa. Kwa hesabu hiyo hakuna muujiza kwenye macho. Hesabu ngumu za kutoa kichwani nazo hufifisha picha. Wala macho si lazima: mwaka 2021 Mwanamfalme Harry wa Uingereza alionekana katika mfululizo wa filamu akifanyiwa EMDR huku amekunja mikono kifuani na kujigonga mabega kwa zamu, mtindo uliobuniwa Mexico kwa ajili ya watoto walionusurika kimbunga Pauline cha mwaka 1997. Kinachotibu, kadiri ninavyosoma ushahidi, ni kuikaribia kumbukumbu kwa dozi ndogo huku mguu mmoja umebaki leo.

Ugomvi mkubwa zaidi kuhusu kiwewe changamani ni wa lini uanze. Mwaka 2012 jopo la wataalamu lilishauri awamu: mteja aimarishwe kwanza, pengine kwa miezi, ndipo kumbukumbu iguswe. Mwaka 2016 kundi lililoongozwa na Mholanzi Ad de Jongh likahoji ushauri huo. Je, hatuwacheleweshei watu tiba kwa hofu yetu wenyewe? Jaribio lililochapishwa mwaka 2021, pia la Uholanzi, liliwagawa watu 121 waliotendewa ukatili utotoni. Karibu nusu walianza EMDR moja kwa moja. Waliobaki walifundishwa kwanza kuzimudu hisia na mahusiano. Makundi yote mawili yalipata nafuu, na hapakuwa na tofauti ya maana kati yao.

Ni habari njema, ila haifai kuchukuliwa jumla. Uchambuzi wa mwaka 2019 uliopima dalili za kiwewe changamani ulikuta tiba zinazolenga kiwewe, EMDR ikiwemo, zinasaidia, lakini waliojeruhiwa utotoni walinufaika pungufu kuliko wenzao. Na mgonjwa wa Uholanzi akitoka kwenye kikao anakwenda kwake. Kwetu huenda anarudi nyumba ileile, kwa mtu yuleyule. Huwezi kuuambia mwili wake kwamba hatari imekwisha ilhali inamsubiri sebuleni. Kwa huyo, kutafuta pa kulala salama ndiyo maandalizi, na hakuna jaribio la Ulaya litakaloondoa hatua hiyo.

Wataalamu waliofuzu EMDR Afrika Mashariki wapo, lakini ni wachache, wamejazana mijini, na ada zao haziko karibu na mshahara wa kima cha chini. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2018 unataja vikao 8 hadi 12, na zaidi kwa aliyepitia matukio mengi. Asiyeweza kuvimudu asidhani amefungiwa mlango. Katika kambi ya Nakivale, Uganda, ilipojaribiwa tiba ya kusimulia maisha kwa mfuatano, kwa utafiti ulioripotiwa mwaka 2008, watoa tiba walikuwa wakimbizi wenyewe waliofundishwa kwa wiki sita, na wagonjwa wao kutoka Rwanda na Somalia walipata nafuu zaidi kuliko waliofuatiliwa tu. Mashariki mwa Kongo, utafiti wa mwaka 2013 wenye wanawake 405 walionusurika ukatili wa kingono ulionyesha kwamba tiba ya fikra katika vikundi, mikononi mwa wasaidizi Wakongo wasio na shahada, ilishinda msaada wa kawaida kwa mbali. Hakuna aliyefuata kidole cha mtu.

Kinachonitia wasiwasi ni video za nukta inayokwenda huku na huko kwenye simu, zikiuzwa kama tiba ya kujifanyia. Kuifungua kumbukumbu ni rahisi. Kinachohitaji mtu ni kuifunga kabla ya usiku. Hata kwa mtaalamu mahiri, siku mbili tatu baada ya kikao ndoto huweza kuzidi na sura za zamani kuibuka. Mwenye kifafa, mwenye matatizo ya macho, mjamzito, anayesikia sauti, anayepotewa na fahamu za alipo au anayewaza kujiua amwambie mtaalamu kabla ya lolote, na asiache dawa alizoandikiwa. Unapotafuta mtaalamu, usione haya kumuuliza amesomea wapi, anasimamiwa na nani, ameshawatibu wangapi wenye historia kama yako, na atafanya nini ukikwama katikati ya kikao huku dakika zinakwisha. Akikasirishwa na maswali hayo, mtafute mwingine.