Mipira ya Kinga

Ndugu, wewe unayepeleka unga wa mihogo Kolwezi kwa kinga, sikia. Mpira ukipasuka njiani, utafika sokoni wanunuzi wamekwisha kwenda.

Mbele ya kununua mpira wa inje, soma namba iliyo ubavuni mwa ule wa zamani: mpira wa 28 hauingii penye 26. Chagua mnene, usio na nyufa.

Asubuhi, ukiisha kufunga mzigo, bonyeza mpira wa nyuma kwa kidole gumba. Ukibonyea, tia upepo. Upepo ukipunguka, mzigo huukata mpira ubavuni.

Mwiba ukitoboa, usizibe tundu tu. Pitisha vidole polepole ndani ya mpira wa inje, uutafute mwiba, uutoe. Ukiuacha, utatoboa tena.

Jua na mafuta huharibu mpira. Weka kinga kivulini.