Damu Kwenye Mkojo Baada ya Mionzi

Mwanhuzi, kama kwingineko wilayani Meatu, anayekojoa damu hudhaniwa ana kichocho, na dhana hiyo ina msingi. Lakini mwanamke aliyepata tiba ya mionzi kwa saratani ya mlango wa kizazi, iwe hospitali ya Bugando jijini Mwanza au Ocean Road jijini Dar es Salaam, anaweza kukojoa damu miezi au miaka baadaye kwa sababu nyingine kabisa. Mionzi huua saratani, ila hujeruhi pia mishipa midogo ya damu ya kibofu. Ikiziba polepole, kibofu hukosa oksijeni, hukakamaa na kuvuja damu. Prazikwanteli, dawa ya kichocho, haiponyi jeraha hilo.

Ipo tiba inayolenga jeraha lenyewe. Mgonjwa huingia kwenye chemba, shinikizo la hewa hupandishwa hadi mara mbili au zaidi kidogo ya kawaida, naye huvuta oksijeni tupu kwa saa moja na nusu hivi. Shinikizo huifanya oksijeni nyingi iyeyuke kwenye majimaji ya damu, ifike palipoziba na kuchochea mishipa mipya. Utafiti wa nchi za Nordiki uliochapishwa 2019, wenye wagonjwa 79, ulionyesha nafuu ya kweli kwa kibofu baada ya vipindi 30 hadi 40. Kwa utumbo, ule wa Uingereza wa 2016 haukuona faida. Kwa hiyo anayeiuza chemba kama dawa ya kila jeraha la mionzi anadanganya.

Je, si anasa kuizungumzia tiba hii huku Meatu, ilhali vipindi 40 ni wiki nane za nauli na malazi mbali na nyumbani? Sidai chemba ijengwe Mwanhuzi. Nadai swali moja zahanati: mama, uliwahi kutibiwa kwa mionzi? Likiulizwa, mgonjwa atapewa rufaa mapema, kibofu kichunguzwe kwa kamera kuhakikisha saratani haijarudi, na tiba ianze kabla damu haijamwishia. Wengine wanahofu kwamba kutaja madhara kutawakimbiza wanawake wasiende kwenye mionzi. Naona kinyume: asiyeambiwa, damu ikitoka, atadhani saratani imemshinda, akae nyumbani. Barua ya kumruhusu kutoka hospitalini iyataje madhara hayo kwa Kiswahili, pamoja na mwaka aliopigwa mionzi, ili mhudumu wa zahanati aisome kabla ya kuandika vidonge.