Kitambi cha Mgonjwa wa Figo

Sisi wauguzi, tukiwa wodini na hata tukienda na akina mama wenzetu wa kanisa kuwaona wagonjwa majumbani, husikia mara nyingi neno la shukrani kama hili: "Bwana asifiwe, baba watoto sasa amenawiri, hata tumbo limerudi." Baba huyo husafishwa damu kwa mashine mara mbili au tatu kwa juma, kwa kuwa figo zake hazifanyi kazi tena. Alipoanza alikuwa amekonda, na karibu kila alichokula alikitapika. Miezi ikapita, hamu ya chakula ikarudi, na mkewe akaona matunda ya jasho lake jikoni.

Hatupendi kuharibu furaha ya mtu. Lakini hebu mtazame huyo baba vizuri. Mikono imebaki myembamba, mapaja yanapwaya ndani ya suruali, na tumbo ndilo linalotangulia mlangoni. Huko si kunawiri. Ni jambo la kuangaliwa mapema, maana linagusa moyo.

Wengi hudhani kwamba mgonjwa wa figo huuawa na figo. Sivyo. Miongoni mwa watu wanaosafishwa damu, magonjwa ya moyo na mishipa ndiyo yanayoongoza kwa kuua. Sababu zake ni nyingi. Shinikizo la damu la miaka mingi limeufanya moyo utanuke na kuta zake kuwa nene. Maji yanayolimbikizwa mwilini kati ya siku moja ya mashine na nyingine huulemea moyo huo huo. Fosforasi isiyopata njia ya kutoka huchangia mishipa kushika chokaa na kukakamaa, kama bomba lililopitisha maji ya chumvi siku nyingi. Tena wengi walifikishwa kwenye mashine na kisukari, ambacho nacho si rafiki wa moyo. Juu ya mzigo huo wote kitambi huja na kuweka wake.

Mafuta ya mwilini si mamoja. Mwaka 1947 daktari mmoja wa Marseille, Ufaransa, aitwaye Jean Vague, aliandika kwamba mahali mafuta yanapokaa ni jambo kubwa: wenye mafuta mengi sehemu ya juu ya mwili na tumboni ndio walioelekea kupata kisukari na magonjwa ya mishipa, kuliko wenye nyonga kubwa. Mafuta ya nyonga na mapaja, ambayo sisi wanawake tumejaliwa, kwa sehemu kubwa hukaa kimya. Yale yaliyojificha ndani, yakizunguka utumbo na ini, hayalali. Humwaga asidi za mafuta kwenye ini, hudhoofisha kazi ya insulini, hupandisha shinikizo la damu, na kutoa kemikali zinazoufanya mwili uwe kama wenye kidonda kisichopona. Mtu asiye na figo tayari ana hali hiyo ya kidonda ndani yake.

Sasa mama atasema, basi nimpunguzie chakula akonde. La hasha! Hapa ndipo familia nyingi hupotea njia.

Kwa miaka mingi madaktari walikuwa wameona jambo la kushangaza: katika watu wa mashine, wenye uzito mkubwa kidogo walielekea kuishi muda mrefu kuliko waliokonda. Wengine wakaanza kufikiri kwamba kwao unene ni baraka tu. Mwaka 2009 madaktari wa Calabria, kusini mwa Italia, walitoa habari za wagonjwa 537 wa figo waliowapima uzito na kiuno pia, kisha wakawafuatilia. Walipovitenganisha vipimo hivyo viwili, picha ikawa wazi zaidi. Kwa watu wenye kiuno sawa, aliyekuwa na uzito zaidi alikuwa na nafuu. Kwa watu wenye uzito sawa, aliyekuwa na kiuno kikubwa ndiye aliyekuwa hatarini zaidi kufa, hasa kwa moyo. Uchunguzi wa namna hii hauwezi kuthibitisha kwamba kitambi peke yake ndicho kilichoua, lakini unapatana na tunayoyaona. Mwenye hali mbaya kuliko wote ni yule mwenye misuli iliyokwisha na tumbo lililojaa, na mizani ya kliniki inaweza kumpa alama nzuri kabisa.

Kwa hiyo mizani haitoshi. Chukua tepu ya fundi cherehani. Mgonjwa asimame, apumue nje kwa kawaida bila kubana tumbo, nawe upitishe tepu juu ya ngozi, katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa juu wa nyonga. Shirika la Afya Duniani huhesabu kwamba hatari huanza kupanda kiuno kikizidi sentimita 94 kwa mwanamume na 80 kwa mwanamke, na huwa kubwa zaidi kwenye 102 na 88. Pima siku ile ile ya juma, baada ya mashine, maana kabla ya hapo unapima na maji. Anayesafishwa kwa maji yanayoingizwa tumboni apimwe yakiwa yametolewa. Huyu ana jambo la ziada: maji hayo mara nyingi yana sukari, na sehemu ya sukari hiyo huingia mwilini na kumnenepesha. Tumbo likivimba ghafla kwa siku chache, hayo si mafuta. Mpeleke hospitali.

Jikoni

Kabla ya mashine mgonjwa aliambiwa apunguze nyama. Akishaanza mashine ushauri hugeuka, kwa sababu kila anaposafishwa hupoteza protini. Kwa kawaida huhitaji kama gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Mtu wa kilo 60 anahitaji gramu 60 au zaidi, na yai moja lina kama gramu 6 tu. Tumeona akina mama waaminifu wakiendelea kushika sheria ile ya kwanza, mume analishwa uji na wali mweupe, misuli inayeyuka na tumbo linakua. Samaki, kuku, mayai na nyama isiyo na mafuta vipate nafasi kila siku, kwa kipimo alichotoa daktari au mtaalamu wa lishe.

Kinachopaswa kupungua ni vijiko vya sukari kwenye chai, soda, mandazi, chipsi, pombe, na ule mlima wa ugali wa usiku. Soda nyeusi zina ubaya mara mbili, maana zina fosforasi pia.

Tena usimletee mashauri ya kupunguza tumbo yaliyoandikwa kwa watu wenye figo nzima. Huko utaambiwa ale parachichi, ndizi, juisi ya machungwa, maharage kwa wingi na madafu. Vyote vina potasiamu nyingi, na potasiamu ikijaa katika damu moyo unaweza kusimama ghafla. Mboga za majani zikatwe ndogo, zichemshwe kwa maji mengi, na maji hayo yamwagwe. Chumvi iwe kidogo, kwa sababu huleta kiu, na kiu huleta maji. Ile chumvi mbadala ya madukani usiinunue bila kuuliza, kwa kuwa mara nyingi ni potasiamu tupu.

Hapa tuna neno na vikundi vyetu vya akina mama. Kapu tunalompelekea mgonjwa huwa na nini? Ndizi mbivu, machungwa, juisi na kreti ya soda! Tunampelekea kwa upendo, naye hukubali kwa heshima. Kwa mgonjwa wa figo weka trei ya mayai, kuku, au fedha ya nauli ya kwenda kwenye mashine.

Kutembea kunasaidia. Mwaka 2017 madaktari wa Italia, baadhi yao kutoka kundi lile lile la Calabria, walieleza habari za wagonjwa waliopangiwa kutembea taratibu nyumbani kwa miezi 6. Kwa dakika 6 waliweza kufika karibu mita 40 mbele zaidi ya mwanzo. Chagua siku isiyo ya mashine, jioni jua likipoa, tembeeni wawili. Kifua kikibana au kizunguzungu kikija, aketi, na daktari ajulishwe.

Dawa za kukausha tumbo zinazouzwa mitaani zisiingie nyumbani kwako kabisa, wala kwa ajili yako wewe mwenyewe. Mwaka 1993 madaktari wa Brussels, Ubelgiji, walitoa habari za wanawake walioharibika figo baada ya kutumia mitishamba ya Kichina katika mpango wa kupunguza unene. Ndani yake ulikutwa mmea wenye sumu, na hatimaye makumi ya wanawake walipatwa, wengi wao wakaishia kwenye mashine.

Wapo pia wanaofikiri kufunga na kuomba kutaondoa kitambi na kuleta uponyaji kwa pamoja. Mgonjwa wa mashine asikae bila chakula, hasa akiwa anadungwa insulini, na dawa zake nyingine zinahitaji kuliwa pamoja na mlo. Kikundi cha maombi kikitaka kuwa naye, kimpangie saa ya kuomba baada ya kifungua kinywa.