Kipuri Nacho Ni Tiba

Mwananchi wa Maretadu, wilayani Mbulu, apatwapo na maradhi mazito hukimbilia Haydom, hospitali iliyoanzishwa na Walutheri wa Norwei mwaka 1955. Huko, kama ilivyo Unguja na Pemba, mashine nyingi za kupimia na kutibia zimeundwa ng'ambo, na vipuri vyake hulipiwa kwa fedha za kigeni.

Hapo ndipo penye hatari. Baada ya Vita vya Kagera (1978–79) na kupanda kwa bei ya mafuta, fedha hizo ziliadimika nchini. Visiwani, bei ya karafuu nayo ikaporomoka. Msukosuko wa 2008 ulipoanzia Marekani, hospitali nyingi za huko ziliahirisha kununua mashine mpya. Mwenye kiwanda akosapo mnunuzi mpya huegemea vipuri na matengenezo. Mzigo humwangukia mwenye mashine kuukuu.

Basi viongozi wanaotia saini mikataba wasitazame bei ya kununulia tu. Kila mashine, ya Mbulu au ya Pemba, iingie pamoja na vipuri, fungu la matengenezo na fundi mzalendo aliyefunzwa. Mashine iliyofunikwa shuka haimponyi mgonjwa.